Siku Moja Nikimtafuta Bundi wa Sokoke

Saa 11 alfajiri. Nimeshafika ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, pwani ya Kenya, na wageni wangu ndio wanashuka garini. Ni mke na mume. Wanataka ndege watatu tu: bundi wa Sokoke, chozi wa Amani na kwera wa Clarke.

Saa 12. "Iache darubini kwanza, mama," namwambia mgeni. "Sikiliza." Saa hii ndege husikika kabla ya kuonekana. Sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, anakatiza njia na kutokomea kichakani.

Saa 1 na nusu tuko chini ya miti ya mirihi. Hapa sitembei, nasubiri. Ndege wa aina nyingi wanaokula wadudu husafiri pamoja vileleni, kwa kuwa macho mengi humwona mwewe mapema. Kundi likikupita, utabaki kutazama majani. Leo linatupitia juu ya vichwa, na ndani yake yumo chozi wa Amani, dume, kichwa kijani cha giza na tumbo jeupe. Mzee anashindwa kumpata kwenye darubini, kisha anampata. Hasemi kitu, ila mikono yake inatetemeka.

Kwera hayumo. Duniani kote anajulikana kwenye msitu huu na Dakatcha tu, kaskazini ya mto Sabaki. Viota vyake havikujulikana viliko hadi 2013, vilipopatikana huko Dakatcha, kwenye kinamasi cha msimu. Ndiyo maana kusikia kinamasi kinalimwa kunaniuma kuliko kusikia mti umekatwa: hana kwingine kunakojulikana.

Saa 5 joto limepanda na msitu umenyamaza. Tunapumzika.

Saa 9 tunahamia upande wa udongo mwekundu, kwenye vichaka vizito. Bundi wa Sokoke hakai popote tu, anataka vichaka hivi hasa. Ana urefu wa sentimita 16 hivi, na wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, kwa hiyo jani kavu lililokunjika linatosha kukupumbaza. Wapo wanaomwita kwa sauti iliyorekodiwa. Mimi mchana sikubali. Bundi akidhani mpinzani kaingia kwake, mapumziko yake yameharibika, na usiku ana kazi ya kuwinda.

Naingia peke yangu, nikiinama, nikikagua tawi moja baada ya jingine. Karibu saa 10 na nusu nawaona: wawili, wamegusana mabega, mmoja kijivu, mwenzake wa kutu. Nawaleta wageni mmoja mmoja. Dakika chache kila mtu, bila mwanga wa kamera, kisha tunarudi nyuma.

Saa 1 usiku, njiani kutoka, tunasikia filimbi fupi fupi za bundi zikifuatana, na nyingine ikijibu mbali.

Garini naandika: chozi mmoja, bundi wawili wa kuonwa, wawili wa kusikiwa. Mama anauliza kuhusu kwera. Nawaambia kesho tuanze tena mirihini, saa 11 ileile, na akikosekana twende Dakatcha.