Ukienda ryokan, fika mapema jamani

Mara ya kwanza kulala ryokan, zile nyumba za wageni za kienyeji za Japani, nilifika saa mbili usiku na mpaka leo inaniuma. Nilijua ni hoteli tu yenye mikeka, unafika muda unaotaka unachukua funguo unalala. Kumbe chakula kilipangwa saa kumi na mbili jioni, mpishi kanisubiri weee, samaki kapoa, na mama mhudumu ananiinamia kuniomba radhi yeye wakati mwenye kosa ni mimi.

Ndo maana nasema fika mapema. Ryokan bei ni kwa kichwa, na mara nyingi humo humo kuna chakula cha jioni na cha asubuhi, zile za kawaida zenye onsen (bafu la maji ya moto ya asili) utakuta kama yen 15,000 mpaka 30,000 kwa mtu, za juu zaidi zipo nyingi tu, alafu unaongeza kodi ya kuoga ambayo kwa kawaida ni yen 150. Ni hela nyingi, sikatai. Lakini mlango unafunguliwa saa tisa alasiri na unatakiwa kutoka saa nne asubuhi, na humo katikati wenyeji wanaoga mara tatu, kabla ya kula, kabla ya kulala na alfajiri, sasa ukifika usiku umelipia nini?

Safari ya pili nikaenda Kinosaki na dada yangu, ni mkoa wa Hyogo, treni ya haraka toka Kyoto kama masaa mawili na nusu. Wenyewe wanasema mji mzima ni ryokan moja, stesheni ndo mlango, barabara ndo korido, na yale mabafu saba ya umma ndo bafu la nyumba. Ukilala pale unapewa pasi ya kuingia yote (angalia tu, kila bafu lina siku yake ya kufungwa). Jioni watu wote wako nje na yukata, lile joho jepesi la pamba, na viatu vya mbao, vinalia ko ko ko kwenye vidaraja vya mto, raha sana.

Yukata nilivaa mwenyewe chumbani, nikatoka. Mama mhudumu akaniona kwenye korido, akanisogelea taratibu, akafungua mkanda, akachukua upande wa kushoto akaulaza juu ya wa kulia, akafunga tena akauvuta kidogo ukakaa. Upande wa kulia ukiwa juu ndivyo wanavyovalishwa maiti. Hakunicheka wala hakunisema, nilimpenda pale pale.

Kuhusu kuoga uchi, najua ndo swali la wengi. Wanawake kwao wanaume kwao, na hakuna nguo ya kuogelea. Unakaa kwenye kijistuli kifupi mbele ya bomba unajisugua kwa sabuni mwili mzima, unasuuza mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia kwenye maji, kwa sababu yale maji ni ya kila mtu na yanatakiwa yabaki safi. Kitaulo unakikunja unakiweka kichwani, hakigusi maji. Aibu yangu iliisha nikiwa bado kwenye kistuli, bibi wa pembeni yangu alikuwa anajisugua visigino kwa utulivu wake, hana habari na mimi kabisa. Wenye tatuu muulize mapema maana sehemu nyingi zinakataa, ila Kinosaki mabafu yote saba yanawapokea.

Tuliporudi kula meza ilishapangwa, kaa wa majira ya baridi (msimu wao unaanza Novemba) wamechemshwa mbele yetu, na tulipomaliza godoro zilishatandikwa kwenye mkeka. Nililala kama mtoto.

Alfajiri nikashuka kwenye bafu dogo la ryokan yenyewe nikakuta mapazia yamebadilishwa, lililokuwa la wanaume jana leo ni letu, lina kibwawa cha nje chenye mawe, mvuke unapanda na hewa ya baridi inakugonga usoni huku mwili wote uko kwenye joto. Nilikaa mpaka vidole vikakunjamana.

Saa nne kasoro tukashuka. Viatu vyetu vilishageuzwa vinatazama nje, tayari kuvaliwa. Mama akatoka nasi mpaka barabarani, tulipofika kwenye kona nikageuka, bado amesimama pale pale anapunga mkono.