Mtu wa tisa: kumbukumbu ya mashindano yangu ya kadi

Jumamosi, 5 Julai

Tangazo nililirusha jana saa 3 usiku: "Kesho saa 8 mchana, Magic, mgahawa ule ule wa Sinza. Tunacheza drafti. Njoo na mikono yako tu, kadi ninazo." Wamekuja wanne, mimi wa tano, na wazee wawili ambao sikuwa nawajua, mmoja kabeba ubao kwapani na mfuko wa vizibo vya soda. Ujumbe ulikuwa umewafikia kwa mjukuu. Kwao drafti ni drafti, na wana haki, neno ni lao. Sisi tunaocheza Magic, mchezo wa kadi, tumelitwaa kwa maana ya kuchagua kadi kwa zamu kabla ya kucheza.

Niliwaamkia, nikaomba radhi, nikaagiza chai. Mmoja alirudi zake na ubao wake. Mwenzake akavuta kiti. Kiingereza cha kwenye kadi kilimpa shida, hivyo nilikaa ubavuni mwake nikimtafsiria. Alizishika kadi zake saba kifuani, kama ashikavyo karata, na alipoona jirani yake anageuza kadi ya Mlima ubavu ili apate nguvu ya kurusha pigo, akauliza: "Huu ukishalala, unaamka lini?" Unaamka zamu yako ikirudi, mzee. Tangu hapo mezani kwetu ardhi, yaani kadi za kutoa nguvu kama Mlima, inalazwa na kuamshwa, na sijasikia mtu akitumia neno jingine.

Matangazo yangu hayatakuwa na neno drafti tena. Nitaandika "kuchagua kwa zamu".

Jumapili, 6 Julai

Niandike kwa nini natangaza usiku wa kuamkia siku yenyewe, maana rafiki zangu wawili wananiona nakosa mpango. Mwaka huu nilijaribu mara mbili kutangaza wiki tatu kabla. Watu kumi na zaidi waliniitikia inshallah. Mara zote mbili walifika watatu. Jumamosi ya mtu wa Dar haijulikani mpaka Ijumaa jioni. Fundi simu anapata kazi, mwingine ana msiba, mwingine ana kipaimara cha mpwa wake. Anayesema "nakuja" Ijumaa saa 4 usiku, huyo ameshajua.

Ila mashindano ya kutangazwa leo kwa kesho hayawezekani kama kila mtu lazima aje na deki yake, yaani fungu lake la kadi za kuchezea. Magic, mchezo alioubuni Richard Garfield na ukatoka Marekani mwaka 1993, kwa kawaida humtaka mchezaji ajenge deki ya kadi 60 kwa pesa yake, na hapo ndipo wengi wetu hukwama. Dawa yangu ni kisanduku kimoja: kadi 360, zote za daraja la chini kabisa, zile wanazouza kwa mafungu, na hakuna inayojirudia. Hesabu yake ni tamu. Watu 8, kila mmoja vifurushi 3 vya kadi 15. Unachagua moja, kifurushi unampa wa kushoto. Cha pili kinazunguka kulia. Cha tatu kushoto tena. Mwisho una kadi 45, unachagua humo kama 23 za kuchezea, unaongeza ardhi 17, deki ya 40 imekamilika. Ukiondoka, unaniachia kila kitu.

Ardhi ndizo zilizonitia aibu jana. Nilikuwa na 20 za kila rangi, na watu watatu wakaangukia nyekundu, ambayo ardhi yake ni Mlima, Milima ikaisha. Tumeandika "Mlima" kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi. Nitaongeza hadi 40 kwa kila rangi.

Jumamosi, 12 Julai

Saba, pamoja nami. Kosa la leo ni muda. Raundi tatu za dakika 50, kama ilivyo desturi, na kabla yake saa nzima ya kuchagua na kujenga. Maghrib ya Julai inaingia saa 12 na dakika kama 20. Raundi ya tatu ilikuwa bado, wawili wakainuka kwenda kuswali, na walikuwa na haki kabisa. Kanuni za mashindano zinaruhusu kushuka hadi dakika 40, na ndivyo nitakavyofanya: kuchagua saa 8 na robo, kujenga saa 9 kasoro dakika kumi, raundi ya kwanza saa 9 na robo. Saa 11 na dakika 40 tunamaliza.

Raundi napanga kwa mtindo wa Uswisi, ule wa sataranji uliotumika Zürich mwaka 1895: aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, hakuna anayetolewa. Ushindi pointi 3, sare 1. Kwa watu wanane raundi tatu zinatosha: wasioshindwa wanabaki wanne, wawili, mmoja.

Jumamosi, 19 Julai

Wanane bila mimi. Nilisimama, sikucheza, na nilifurahi kuliko nilipocheza. Hii sasa ndiyo kanuni yangu: kiti cha mwisho ni cha mwandaaji. Wakija saba nakaa ili asiwepo wa kukosa mpinzani. Wakija wanane nashika saa, namsaidia mama mwenye mgahawa kupanga sahani za chipsi mbali na kadi.

Saa 8 na nusu akaingia kijana kutoka Mbagala, daladala mbili na jua lote lile. Kadi 360 zilikuwa mikononi mwa watu, kifurushi cha kwanza kimeshazunguka. Sikuwa na hata kadi moja ya kumpa. Alikaa, akatazama raundi zote tatu, akanunua soda yake, akaaga vizuri. Nimelala vibaya usiku.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata njia. Kadi 90 za akiba, kwenye kisanduku chao. Wawili tunaweza kuchezea hizo kwa namna iitwayo Winston: unazichanga, unalaza chini vifungu vitatu vya kadi moja moja, bunda linabaki pembeni. Kwenye zamu yako unachungulia kifungu cha kwanza. Ukikipenda, unakichukua, na kadi mpya inawekwa mahali pake. Ukikiacha, unakiongezea kadi toka kwenye bunda bila kuiona, unaenda cha pili, kisha cha tatu. Ukikataa vyote, unachukua ya juu ya bunda, iwe nini. Vifungu vinavyokataliwa vinanenepa, na ndipo moyo unapoanza kwenda mbio.

Usiku huu nazivalisha mifuko ya plastiki. Zimebaki 31. Kijana wa Mbagala nimemwandikia yeye wa kwanza, kabla ya tangazo.