Shahada yenye ugomvi ndani

Newala, Jumamosi usiku

Wiki nzima nimeshinda zahanati nikihesabu mistari kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za wagonjwa, na leo ndiyo nimepata nafasi ya kuandika kitu kisichopangwa kwa safu. Niko fildi, mafunzo ya vitendo. Mwaka wa pili umekwisha, mitihani imepita salama (takwimu imenipitisha kwa huruma, lakini imenipitisha), na badala ya kubaki Dar es Salaam na wenzangu niliomba nipangiwe huku kwetu, juu ya uwanda wa Makonde. Nalala kwa bibi. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mwanafunzi, hudumu zaidi mtu akila ugali wa nyumbani.

Huku kila mtu anataka kujua nasomea nini. Nikijibu "sayansi ya afya", naitikiwa, "Ahaa, daktari." Si daktari. "Basi nesi." Hapana. "Maabara? Duka la dawa?" Hapo maswali huisha na mazungumzo yakahamia kwenye korosho. Mjomba, ambaye korosho zake ndizo zilizomalizia ada pale mkopo wa Bodi ulipokomea, ameshaacha kuuliza. Akiwa kijiweni na wenzake husema tu, "Huyu yuko kwenye mambo ya afya," kisha anaagiza chai. Naona jibu lake linashinda aya nzima iliyomo kwenye kitabu cha mwongozo cha chuo.

Kwa anayetaka kujua kweli: tunasoma anatomia, fiziolojia na bayokemia, ila hatuzami kama wale wa udaktari. Tunasoma epidemiolojia (namna magonjwa yanavyoenea) na takwimu, sosholojia ya afya, saikolojia, uchumi wa afya, lishe, mazingira, sera na maadili. Mwaka wa kwanza ningeweza kuanza asubuhi na utando wa seli na kumaliza jioni na mambo ya ndoa na ukoo. Waliotoka PCB (fizikia, kemia na biolojia) waliita sosholojia "hadithi". Sisi wa CBG (kemia, biolojia na jiografia) tulijiona afadhali, kwa kuwa jiografia ilishatuzoesha kuuliza mvua inanyesha wapi kabla ya kuuliza mbu yuko wapi.

Nilichokuwa nategemea ni kwamba masomo hayo yatajumlika: hili litanipa kipande, lile litanipa kipande, mwisho nitaona kitu kizima. Haikuwa hivyo. Yanagombana. Kila somo lina swali lake, na mara nyingi jibu la moja linamharibia mwenzake kazi. Walimu wenyewe hawagombani kwa sababu hawakutani. Kila mmoja anaingia na desa lake, yaani maandishi yake ya somo, anafundisha, anaondoka. Ugomvi wanatuachia sisi.

Nimesoma habari za Chuo Kikuu cha McMaster kule Hamilton, Kanada. Shule yao ya udaktari ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mtindo wa kuwapa wanafunzi tatizo kwanza, wakae vikundi vidogo na kutafuta wenyewe wanachohitaji kujua. Mwaka 2000 chuo hicho kikafungua shahada ya kwanza ya sayansi ya afya yenye mtindo huohuo, ingawa wengi wanaoipitia huitumia kama mlango wa kuingilia udaktari. Kwetu mtindo huo tumeuonja kwenye somo moja tu, kwa mwalimu mmoja aliyejaribu, na bado namshukuru.

Alitupa mlipuko wa Ruangwa. Hakutoa mhadhara. Alisema: Julai 2022, kituo cha afya cha Mbekenyera, mkoani Lindi, wanafika watu wenye homa, kichwa kuuma, uchovu na damu puani. Vipimo vimeondoa Ebola, Marburg na Uviko-19. Haya, endeleeni. Wengi tulikuwa tunakumbuka mwisho wake, maana redio zilitangaza: wagonjwa 20, waliofariki 3, na ugonjwa wenyewe ni homa ya mgunda, leptospirosisi. Kwa hiyo hatukubabaika kutafuta jina. Tulibabaika na kilichofuata. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, hukaa kwenye maji na udongo wenye unyevu, humwingia mtu kupitia michubuko, macho au mdomo. Mmoja wetu akasema suala limekwisha: antibayotiki zipo, watu wawahi hospitali. Mwingine akasema panya ndio waanze. Dada mmoja wa Nachingwea akauliza ni nani anayeingia shambani pekupeku, na kwa nini. Wa nne akataka gharama ya kila kimoja. Tulipochoka, mwalimu akatuuliza kitu kimoja: mkiwa na fedha ya kufanya jambo moja tu, mtaanza na lipi? Kikundi chetu kiligawanyika siku hiyo, na nadhani hadi leo kuna wawili hawajasameheana.

Nikiwa hapa nimejaribu swali hilohilo kwa ugonjwa wa nyumbani. Chikungunya, ambayo leo inajulikana dunia nzima na imeshapiga mpaka visiwa vya Bahari ya Hindi kama Réunion mwaka 2005 na 2006, ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953, hapa hapa Newala na vijiji jirani. Hata jina lake ni la Kimakonde. Mtafiti Robinson aliandika dalili zake na mwenzake Lumsden akaandika namna ulivyosambaa, wote wawili mwaka 1955. Lumsden alimtaja mbu aina ya Aedes aegypti, anayeuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani.

Bibi alikuwa mtoto wa kuchunga wadogo zake wakati ule. Juzi jioni, tukimenya mihogo, nilimuuliza kama anaikumbuka ile homa ya viungo. Akafikiri kidogo, kisha akanieleza maji. Jinsi walivyoamshwa kabla ya alfajiri, wakashuka korongo kwenda kwenye chemchemi za bondeni, wakapanda na mtungi kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Jinsi mama yake alivyojua kwa jicho mtungi umepungua kiasi gani na ni nani aliyekunywa bila kuuliza. Nikamrudisha kwenye homa. "Watu waliumwa, ndiyo," akasema, na akarudi kwenye maji.

Mwanzoni nilidhani ameniponyoka. Baadaye, nikiwa kitandani, nikaona kwamba yeye ndiye aliyebaki kwenye mada. Uwanda huu ni mchanga, mvua inazama, mito haipo juu. Vijiji viko huku na maji yako chini ya mteremko. Watu wakahifadhi kila tone ndani ya nyumba, na mbu akapata nyumba. Mtaalamu wa wadudu atasema mwaga maji ya mtungini kila wiki, sugua kuta zake. Kibaiolojia ni sahihi kabisa. Sasa nenda kamwambie hivyo mama wa mwaka 1952 aliyetoka kupanda mteremko na mtungi kichwani! Funika, labda angekubali. Kumwaga, hapana. Mbu wa Newala alihitaji mhandisi wa maji angalau sawa na alivyohitaji daktari, na ndiyo maana nikipita barabarani nikaona mabomba yanayoleta maji ya kusukumwa kutoka Mitema, au kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua uani kwa mtu, navihesabu kama vifaa vya afya. Ila kisima hicho nacho kikiachwa wazi, mbu yuleyule anashukuru. Unaona? Hakuna jibu linalokaa kimya.

Mwalimu Nyerere alizoea kutaja maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Aliwataja pamoja, kwa pumzi moja. Sisi vyuoni tumempa kila adui kitivo chake na jengo lake.

Sasa salfa. Huu ni msimu wake, mikorosho inachanua, na alfajiri hewa ikiwa imetulia na umande haujakauka unasikia mashine za kupulizia zikinguruma kila upande. Salfa inazuia ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua. Usipopuliza, mnadani huna cha kupeleka. Mjomba anarudi na nyusi za njano. Vijana anaowalipa kwa kazi hiyo wanajifunga fulana puani, macho mekundu, wanakohoa. Zahanati nimewaona wawili watatu wa namna hiyo. Kitabuni wameandikwa kikohozi, macho kuwasha. Mahali walipotoka hapakuandikwa. Simlaumu muuguzi, alikuwa peke yake na benchi limejaa kina mama wa kliniki.

Nimeligeuza jambo hili kila upande na kila upande una haki yake. Sumu na mapafu: vaa barakoa, miwani, glovu, pulizia ukiwa umeupa upepo mgongo. Sosholojia: anayepuliza mara nyingi ni kibarua, mashine ni ya mwenzake, na vifaa vya kujikinga havina mwenyewe. Uchumi: salfa ndiyo inayoleta pesa za Novemba, zinazolipa ada, bati na matibabu. Mapafu ya yule kijana yamo ndani ya shahada yangu, hilo silikwepi. Halafu kuna kalenda. CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, na haikuwa fedha ya kutisha baada ya malipo ya mnada. Mwandikishaji akipita Julai, mfuko wa mkulima umekauka, atajibiwa "njoo msimu." Akija msimu, kuna harusi, unyago na madeni ya dukani yaliyomtangulia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, nami natamani aliyepanga utaratibu wa kuchangia awe amewahi kukaa hata mwaka mmoja na mkulima wa korosho.

Kuhusu kazi sitaki kuandika mengi, naandika tu ili nisije nikajifanya silioni. Madaktari wana baraza lao, wauguzi na wakunga wana lao, na tangazo la ajira hutaja cheo: tabibu, muuguzi, afisa afya mazingira. Mimi nitatoka na cheti kinachogusa vyote na kisichoniandikisha popote. Kuna usiku linanikera. Wenzangu wawili wameshaomba kuhamia kozi za jina linaloeleweka, na siwashangai. Mimi nimebaki, kwa ukaidi zaidi kuliko hesabu.

Kwa hiyo utafiti wa mwaka wa tatu nitaufanya juu ya salfa. Wazo lenyewe ni jepesi: nichukue kikohozi kilichoandikwa zahanati mwezi kwa mwezi, nikiweke sambamba na miezi ya kupuliza, na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanisaidie kujua salfa iligawiwa lini na kiasi gani. Nilimpigia mwalimu wa takwimu. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza swali la takwimu: miezi hiyo ya salfa si ndiyo ya kipupwe? Baridi, vumbi, watu wanalala wamebanana, wanakohoa hata pasipo mkorosho. Nitajuaje kikohozi kipi ni cha nani? Akasema yuko tayari kunisimamia nikipata kijiji cha kulinganisha, chenye kipupwe hichohicho na kisichopuliza. Mwalimu wa sosholojia naye amekubali, kwa sharti lake: niwahoji vibarua wenyewe, nisiishie kwa wenye mashamba. Masharti yote mawili ni ya haki, na yote mawili yanakula nauli.

Kijiji kisicho na mkorosho, Newala hii, nitakipata wapi? Nimemuuliza mjomba tulipokuwa tunakula. Amecheka kwanza. Kisha akasema niteremke pwani, Msimbati, kwa wavuvi, kule hawana habari na salfa. Nikamwambia kule kuna moshi wa kukaushia samaki, nao unakohoza. Akanitazama, akamega tonge, akauliza kama moshi wa samaki nao una mwalimu wake pale chuoni.