Jinsi vizibo vya chupa vilivyomtoa mwanangu kwenye kukariri

Mwanangu wa miaka 6 alikuwa "anasoma" ukurasa mzima bila kutazama herufi. Nilipoziba picha kwa kiganja, kimya. Kumbe alikuwa ameikariri hadithi. Hata ba, be, bi, bo, bu aliziimba tu. Ukimwonyesha "bu" peke yake, lazima aanzie "ba" ndipo aifikie.

Nikaweka kitabu kando, nikakusanya vizibo vya chupa na kuandika silabi moja juu ya kila kimoja. Siku ya kwanza niliharibu: nilimmwagia vizibo 40, akavigeuza magari. Nikabakiza vitano: ba, ta, ka, bu, ku. Nasema neno polepole, anapiga kofi kwa kila silabi, kisha anasogeza kizibo kimoja kwa kila kofi. Ba-ta. Ta-bu. Ka-ta.

Tatizo jingine sikulitarajia. Kizibo ni duara, kikigeuka juu chini "u" inakuwa "n". Nilichora mstari chini ya kila silabi, mkanganyiko ukaisha.

Siku moja alibadilisha nafasi za vizibo viwili vya "kata", akatulia, akapaza sauti: "Taka!" Hakuna aliyemwambia. Tangu hapo yeye ndiye anayenitungia maneno, mengine hayapo duniani, na namwacha ayasome vivyo hivyo, maana hayo hawezi kuyakariri.

Mba, nya na ng'o nilizichelewesha hadi silabi nyepesi zilipokaa. Wiki hii nimeziba picha tena. Alikwama mara mbili, akapiga makofi, akaendelea.