Haiachi kijiti

Tangu Jumanne maneno ya yule babu wa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza, yamenikwama kama mwiba wa sato.

Nilimkuta kakaa juu ya ndoo, karibu na dagaa walioanikwa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mimi wa nani. Nilipomtaja bibi, uso ukamchangamka. Akanunua lambalamba yangu ya ukwaju, akalamba mara mbili. Ya tatu barafu yote ikachomoka, pwaa, mchangani. Akabaki na kijiti kitupu mkononi, anakitazama.

"Ya bibi yako ilikuwa haiachi kijiti, mjukuu wangu."

Basi. Angegomba ningemjibu. Hata hela hakuidai, nikaondoka na mia mbili yake kama nimeiiba.

Alhamisi mdogo wangu katolewa mahari, Kirumba nzima vigelegele, mimi nipo nyuma ya nyumba nageuza pilau nawaza kijiti. Ilikuwa haiachi. Alisema barafu au alinisema mimi? Kwamba bibi alishika, mimi naachia? (Tangu arobaini yake akili yangu inakimbilia huko.) Ningemwambia joto. Ningemwambia babu, umeme ulikatika usiku. Haukukatika.

Ijumaa tunasugua masufuria nikamsimulia mama. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyo? Huyo alikuwa anamkopa bibi yako kila mbalamwezi, eti atalipa giza likiingia!"

Si mnajua, dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwaka mitumbwi inalala na mifuko ya watu inakauka. Kwa hiyo giza limeingia na kutoka miaka yote hiyo na mzee hajalipa. Nikacheka na mimi, kwa mara ya kwanza wiki hii.

"Halafu wewe," akasema mama, "sukari unaweka kiasi gani?"

Kilo 3 kwenye ndoo ya lita 10. Bibi, kumbe, moja na nusu, na rojo la ukwaju zito mpaka mwiko unasita. Mimi ukwaju ulipopanda bei niliupunguza, nikaziba pengo kwa sukari, watoto wakafurahi, nikajiona mjanja. Sukari ikizidi barafu haikazi. Bibi hata friza hakuwa nayo, aligandishia kwa jirani na kumlipa lambalamba tano kwa siku, na bado zake zilikaza.

Jana nimefuata kipimo chake. Leo asubuhi nimeigonga moja mezani, ko! Nimeing'ata, nimevuta, kijiti hakijatoka. Uso ukajikunja wenyewe kwa ukali, machozi yakanilenga, sijui ya ukwaju au ya nini.

Kesho nampelekea yule babu lambalamba yake, bure. Nitamwambia nimeiandika kwenye deni la bibi.

Ila kikohozi cha mama sikipendi. Anasema ni moshi wa zile kuni za Alhamisi. Leo Jumapili.