Namba ambazo swali halikuzitaja
Jana jioni, nyumbani Makole hapa Dodoma, mpwa wangu anayejiandaa kwa GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, alipata swali la kulinganisha x² na x, akaamua haraka kwamba x² ni kubwa kuliko x, kwa kuwa alikuwa amejaribu 2, 3 na 5 pekee. Nilimwomba ajaribu nusu, ambayo mraba wake ni robo, kisha 0. Jibu sahihi likawa kwamba uhusiano hauwezi kubainishwa, kwani hakuna mahali palipoandikwa kwamba x ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1.

“Lakini mjomba, pembe hii si ni nyuzi 90?” aliuliza baadaye, kidole kikiwa juu ya pembetatu.

Maelekezo ya mtihani huo yanaeleza kwamba michoro ya jiometri si lazima iwe imechorwa kwa skeli. Akaichora upya, pembe hiyo ikiwa imelala, si ya nyuzi 90 tena, bila kukiuka kipimo chochote kilichotolewa.