Yeni 15 za Kodi

Jana jioni, tukinywa kahawa kibarazani hapa Tabora, mzee jirani yangu alitusimulia tena Uamuzi wa Busara wa mwaka 1958, chama cha TANU cha Tanganyika kilipokubali kuingia katika uchaguzi uliomtaka mpiga kura awe na elimu, cheo, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mimi nikaikumbuka Japani. Huko, sheria ya mwaka 1889 iliwapa kura wanaume waliotimiza miaka 25 na kulipa kodi ya yeni 15, yaani takriban mtu mmoja kati ya mia. Tena mpiga kura aliandika jina lake mwenyewe kwenye karatasi na kuigonga muhuri, kwa hiyo mwenye shamba hakuhitaji mpelelezi ili kujua nani kampigia nani. Kura ya siri ilikuja mwaka 1900, kiwango cha kodi kikashuka hadi yeni 10, kisha 3 mwaka 1919. Mwaka 1925 sharti la kodi lilifutwa na wapiga kura wakafikia milioni 12 hivi, ingawa waliolishwa kwa misaada ya umaskini waliachwa nje, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwabana wakomunisti (mkono mmoja unatoa, mwingine unashika fimbo). Wanawake walisubiri hadi Aprili 1946, ambapo 39 kati yao walichaguliwa kuingia bungeni.